Kompyuta Iliyokaa Mwezi wa Tatu

Kwa karibu miaka miwili kompyuta moja mjini Butembo, mashariki ya Kongo, ilikataa kutoka katika mwezi wa tatu wa mwaka 1999. Vita iliendelea, harakati za waasi ziligawanyika na kujipa majina mapya, sabuni ilipanda bei, watoto walizaliwa na kuota meno. Yenyewe ilibaki palepale. Mwenye kompyuta hiyo alikuwa Mama Jokébed, na mimi, Éphraïm, nilikuwa jirani yake wa pazia. Sekretariati yake ya kupiga barua ilikuwa upande wa dirisha, mashine yangu ya fotokopi upande wa ukuta, na kati yetu kilining'inia kitenge kilichokwisha rangi. Tulichangia kodi, jenereta tuliyoiita grupu, na makelele ya hiyo grupu. Kwa hiyo haya ninayoeleza sikusimuliwa na mtu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na hasira isiyokaa mbali. Kupiga mashine alifundishwa na masista, na masista walimwachia tabia ya kusahihisha watu bila kuombwa. Kijana mmoja alimletea barua ya mapenzi aipige vizuri. Alipoirudisha ilikuwa nusu ya ilivyokuwa. Kijana akauliza maneno mengine yako wapi. Mama Jokébed akamjibu, "Nimetoa uongo." Kijana alilipa, akaenda, na nasikia yule binti alimkubali.

Lakini kazi ya moyo wake haikuwa barua za watu. Baba yake, mzee Siméon, alikuwa katekista kule Kipese, na maisha yake yote aliandika kitabu: majina ya vilima vyote vya kwao na sababu ya kila jina, nani alikaa wapi kwanza, methali za Kinande, siku za kupanda maharage na siku za kuyaogopa. Aliandika katika madaftari kumi na manane ya shule. Mama Jokébed aliyachukua moja moja kwenda kuyapiga katika kompyuta, akayarudisha moja moja. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1998, askari walilala nyumbani kwa mzee siku nne. Walikuwa wa upande gani mzee hakujua, na sidhani kama wenyewe walikuwa na hakika. Walikuwa na tumbaku, hawakuwa na karatasi. Wakavivuta vilima vyetu kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, na kwa kuwa baridi ya Kipese si ya mchezo, kurasa zilizobaki waliwashia moto.

Kitabu kikabaki katika kompyuta tu. Mzee macho yalikuwa yamekwisha, hangeweza kuandika kingine. Hilo ndilo lililomfanya Mama Jokébed aipapase ile mashine kila asubuhi kabla ya kunisalimu mimi.

Sasa fikiria siku ambayo Lusenge, mwanafunzi wa chuo, alileta disketi yenye mémoire yake, tasnifu ya kumalizia masomo. Disketi hiyo ilikuwa imepita katika kila kompyuta ya mji. Mama Jokébed aliitia, akaanza kuchapa, na baada ya dakika kumi herufi zilianza kudondoka. Moja, mbili, kisha sentensi nzima, zikateremka hadi chini ya kioo na kulundikana pale kama maharage yaliyomwagika. Aling'oa waya ukutani kwa mikono miwili. Kitabu cha baba kilipona, lakini yeye tangu siku hiyo hakupona.

"Ugonjwa inapitia ku disketi," aliniambia. "Donc kitabu ya papa hapana kugusa disketi hata moja. Hapana toka, hapana ingia."

Nilimwambia kuna dawa rahisi: achape karatasi, nami nizitoe kopi bure.

"Haiko tayari. Umeona wapi mutu anatoa maharagi ku moto mbele ya kuiva?"

Basi kitabu kikafungiwa ndani, kisitoke hata kopi moja, kwa usalama wake. Nasema hivi ili ujue kosa lilianzia wapi. Watu wengi miaka ile walifanya hivyohivyo na vitu walivyovipenda.

Aliyeleta antivirusi alikuwa Issaka, Mwislamu wa Beni mwenye lori, aliyekuwa akienda Kampala kwa njia ya Kasindi na kurudi na kila kitu kuanzia chumvi hadi vipuri. Alileta disketi nne zenye programu hiyo, akaketi, akatia sukari nyingi katika chai yetu, akaeleza kama alivyoelezwa na muuzaji.

"Iko na liste, Mama. Kila virusi iko na alama yake, kama vile mutu na kovu. Kitu yote inaingia, hii inaangalia. Kama alama iko ku liste, inakamata, inaosha ama inafunga."

"Na kama haiko ku liste?"

"Inapita, inakusalimia. Juu ya ile, kila mwezi lazima kuleta liste mupya. Na hii ni ya kujaribu tu. Siku makumi tatu, kisha inalala."

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha, lazima niseme kweli. Antivirusi ilikamata virusi kumi na mmoja katika disketi ya Lusenge peke yake. Habari ilienea chuoni, wanafunzi wakaja kupanga foleni na disketi zao mkononi kama akina mama na watoto siku ya chanjo, na aliyeambiwa disketi yake ni safi alitoka ameinua kichwa. Mama Jokébed alianza kulala. Hata barua za mapenzi aliziachia maneno mawili matatu ya uongo.

Hasara nayo ilikuwapo. Mashine ambayo zamani iliamka kabla sijamaliza kunawa mikono, sasa tuliiwasha, tukapika chai, tukanywa, tukaosha vikombe, nayo bado inajikagua. Kila barua ilipekuliwa kama mzigo wa muuza mboga kwenye barieri ya askari barabarani. Na kama wale wa barieri, ilikamata pia wasio na hatia. Nilikuwa na mchezo wangu wa karata ndani ya kompyuta ile, mchezo mpole, wa kupoteza wakati grupu ikiwa inawaka bure. Asubuhi moja nikakuta antivirusi imeufunga, ikisema ni hatari. Nilimshuku Mama Jokébed kwamba ndiye aliyeushtaki kwake. Mpaka leo ninamshuku.

Siku thelathini zikakaribia kwisha, na mpaka wa Kasindi ulikuwa umefungwa, Issaka na lori lake wako upande wa pili. Kompyuta ikaonyesha zimebaki siku tano, siku tatu, siku moja. Nilidhani Mama Jokébed atalia. Badala yake alifungua kalenda ya mashine, akarudisha tarehe hadi siku ya kwanza ya mwezi wa tatu, akaiwasha upya. Zimebaki siku thelathini, ikasema.

Alicheka hadi akashika meza. Mtu ambaye kwa miaka alipita barieri ngapi akilipa kila moja, hatimaye amemdanganya mlinzi mmoja. Mwezi ulipokwisha akarudisha tena, kisha tena. Ndivyo tulivyohamia mwezi wa tatu, tukakaa humo.

Tatizo ni kwamba kompyuta ile ilikuwa na mazoea ya kuandika tarehe yenyewe chini ya kila karatasi. Hakuna aliyetazama. Karatasi ikiwa na muhuri, nani husoma kilicho juu ya muhuri? Mpaka alipotokea Mathe, mkulima wa Mutwanga, aliyekuja kufanyiwa attestation, yaani cheti, ya kuzaliwa kwa mtoto wake. Alipigiwa, ikatiwa muhuri kwenye ofisi ya mtaa, akapanda pickup na mkewe na mtoto kurudi kwao. Siku ya tatu alirudi peke yake, akaiweka karatasi mezani bila salamu.

"Mama, mutoto yangu alizaliwa mwaka gani?"

"Elfu mbili, mwezi ya nane. Iko pale juu."

"Na chini?"

Mama Jokébed aliisogeza miwani. Chini kulikuwa na mwezi wa tatu, 1999.

"Ku barieri askari akasoma," Mathe alisema. "Akahesabu ku vidole. Akaita mwenzake, naye akahesabu. Akaniambia, karatasi hii ni mukubwa kuliko mutoto."

"Na wewe ukasema nini?" niliuliza toka nyuma ya pazia.

"Nikasema, chef, sisi batu ya Mutwanga tunatayarisha mambo mapema."

"Wakakuachilia?"

"Bakacheka sana. Kisha bakabeba kuku yangu."

Mama Jokébed alimpigia karatasi nyingine na, baada ya mabishano ya saa nzima kuhusu ukubwa wa kuku wa Mathe, akamtafutia kuku. Habari hiyo ilitembea milimani kwa haraka kuliko redio. Tangu hapo alifuta tarehe ya mashine kwenye kila karatasi na kuandika ya kweli mwenyewe. Kalenda ya kompyuta hakuigusa.

"Rudisha mashine ku mwaka wetu," nilimwambia. "Mulinzi yako anajua tu bezi ya mwezi ile. Bale bamezaliwa nyuma yake, atabajua namna gani?"

"Papa Éphraïm, wewe uko mutu ya fotokopi. Sema mambo ya karatasi."

Nilikuwa sahihi. Hainitokei mara nyingi, kwa hiyo naomba iandikwe.

Mwaka 2001, kabla ya Pasaka, Daudi, karani wa ofisi moja nisiyoitaja, alileta disketi yake. Disketi ya ofisi kama ile huwezi kuikataa. Antivirusi iliikagua, taratibu kama kawaida yake, ikasema ni safi. Mama Jokébed aliamini. Kuamini kule ndiko kulikomponza, maana asingekuwa na antivirusi kabisa angeogopa, na woga wake ulikuwa na macho kuliko liste ya miaka miwili iliyopita.

Baada ya wiki moja barua zilianza kuvimba. Barua ya ukurasa mmoja ilichukua nafasi ya kitabu. Nyingine ziligoma kufunguka. Antivirusi ikaulizwa tena, ikasema yote ni mazuri. Katikati ya hayo ikaja habari toka Kipese kwamba mzee Siméon atashuka Jumamosi baada ya Pasaka. Alitaka kitabu kisomwe chote mbele yake, neno kwa neno, ndipo kichapwe. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Alisema anataka kukisikia kabla hajafa, na ingawa mzee alikuwa ametishia kufa kila Pasaka kwa miaka kumi, safari hii sauti ya aliyeleta habari haikuwa ya mzaha.

Siku ya Ijumaa asubuhi Issaka alifika toka Kampala na antivirusi mpya, ya kununuliwa, yenye liste ya mwezi uleule. Kompyuta iliikataa. Kwa hesabu yake, programu hiyo ilikuwa bado haijatengenezwa. Ikabidi Mama Jokébed afungue kalenda na kuitoa mashine kwenye mwezi wa tatu. Aliusogeza mwaka kwa kidole kimoja. Mara ile antivirusi ya zamani ikaandika kwamba muda wake ulikuwa umekwisha miaka miwili iliyopita, ikanyamaza.

"Itoe kwanza ile ya zamani," Issaka alimwambia. "Balinzi babili hapana kaa nyumba moja."

Alikataa. Na hapa simlaumu, maana wafanyabiashara wote wa Butembo tungefanya vilevile. Miaka ile hukumfukuza mlinzi wa jana kabla hujajua wa leo atakaa siku ngapi. Ukiwa na shehena barabarani uliwaridhisha wa zamani na wapya, na waliokuwa njiani kuja. Kwa hiyo mpya ikaingia, ya zamani ikabaki.

Jambo la kwanza ambalo ile mpya ilifanya ni kumkamata mwenzake. Alama za virusi mia tatu zilionekana mfukoni mwake, ikapiga kelele. Kweli, ilikuwa ile liste. Ni sawa na polisi kumfunga polisi kwa kukutwa na picha za wezi. Issaka alisema nilikuambia, akaomba chai.

Baada ya hapo ikaanza kazi ya kweli, na ilifanya vizuri, sitaidhulumu. Faili baada ya faili ilikuta ule ugonjwa wa Daudi, ikauosha. Mémoire ya Lusenge ikapona. Barua za parokia zikapona. Ilikuwa kazi ya saa nyingi na Mama Jokébed alisimama wima mbele ya kioo, rozari mkononi. Aliniambia jambo moja tu.

"Leo hapana washa mashine yako. Grupu haina nguvu ya kubeba yote mbili na hii kazi. Ikifika ku kitabu ya papa, hata kukohoa, hapana."

Nikamwambia sawa.

Kisha akaja Tamar, mchumba wa Lusenge. Arusi ilikuwa karibu, alitaka kopi za mialiko, na pickup ya kwenda Vuhovi kwa shangazi zake ilikuwa inanguruma nje. Alihitaji ishirini. Nilimwambia haiwezekani. Akanitazama tu. Nikawaza: ishirini ni nini? Grupu imebeba makubwa kuliko haya. Mimi ninaijua grupu hii.

Kopi sita zilitoka. Ya saba ilipoingia, grupu ilikohoa, ikajaribu tena, ikazima. Nilisogeza pazia. Nilipochungulia, Mama Jokébed alikuwa bado amesimama vilevile mbele ya kioo cheusi. Antivirusi ilikuwa imefikia kitabu cha baba yake na ilikuwa katikati ya kukiosha.

Nilitaka kusingizia essence, kwamba petroli imekwisha. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini kopi ya saba ilikuwa imening'inia nusu nje ya mashine yangu, na aliiona. Tulipowasha tena, kitabu kilifunguka kikiwa na kurasa mia tatu na kumi za visanduku vidogo vyeupe. Issaka alijaribu kila alichojua. Hatimaye alisema polepole kwamba kitu kilichokatwa katikati ya kuoshwa hakirudi, na kwamba kule Kampala muuzaji alimwambia: antivirusi ni nzuri, lakini nzuri kuliko yote ni kopi ya pili iliyolala nyumba nyingine. Mama Jokébed hakunitukana. Ningependa angenitukana. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimekuwa mtu wa fotokopi miaka ishirini na sita, kazi yangu yote ni kutoa kopi.

Nitasema sasa hivi, nisije nikasahau, kwamba mpaka leo kila kinachoandikwa katika sekretariati ile kinalala mahali patatu: katika kompyuta, katika kabati ya sakristia, na Beni kwa Hadjara, mke wa Issaka, ndani ya mfuko wa mchele. Kopi natoa mimi, bure. Antivirusi Mama Jokébed anayo bado, anailisha liste mpya, na anaidharau kidogo.

Jumamosi mzee Siméon alifika kwa pikipiki, na gunia la viazi na fungu la poireaux, vile vitunguu virefu vya majani, vimefungwa nyuma yake. Tulimketisha. Alinyoosha uso kuelekea dirishani, mikono juu ya fimbo, akisubiri kusomewa.

"Papa," Mama Jokébed alisema, "kitabu imekufa."

"Yote?"

"Yote."

Nilitoka nyuma ya pazia. "Mzee, ni mimi. Alinikataza kuwasha mashine, nikawasha."

Kidevu cha mzee kilitembea kama anayetafuna.

"Na bilima pia?"

"Na bilima, Papa."

"Hata ile ukurasa ya mupaka yetu na Maliro?"

"Hata ile."

Maliro ni mdogo wake, walikuwa hawajasemezana miaka minane. Mzee alivuta pumzi.

"Kilima ya Maliro haikukuwa ku kitabu," alisema. "Niliiruka. Tuligombana juu ya mikaratusi tatu. Nikasema, mutu anakata miti yangu hapana ingia ku kitabu yangu. Kisha nikasikia haya. Kila wakati nilitaka kukuambia uitie, lakini ulikuwa umeandika muzuri, kila kitu ku nafasi yake. Nilikuja leo kusikiliza ile uongo mbele ya kufa." Akageuza uso upande wangu. "Éphraïm, karatasi iko?"

"Iko, Mzee."

"Leta mingi."

Mama Jokébed alinyoosha mkono kuwasha kompyuta. Mzee akasikia kitufe.

"Hapana ile. Kwanza na mukono."

Mama Jokébed akachukua kalamu. Nilimwekea karatasi mbele, na chini yake karatasi ya kaboni, na chini yake nyingine, na nyingine. Mzee alingoja mpaka akasikia karatasi zimetulia.

"Andika tarehe," alisema. "Ya leo, hapana ya mashine yako. Mambo ya kuku ya Mathe ilifika mpaka Kipese."

Mama Jokébed alicheka, na machozi yalikuwa yanamtoka, akavua miwani na kuifuta kwa kitenge chetu cha pazia. Kisha akaandika, kwa mkono wa masista, tarehe 21 mwezi wa nne 2001.

"Ulishaandika?"

"Nimeandika, Papa."

"Sasa andika: kilima ya kwanza ni ya Maliro."